Povu Haliambukizi: Maneno juu ya Ubongo na Ugonjwa wa Kuanguka

Musomaji, pengine umekwisha kuona ubongo kwa macho yako. Siku ya karamu, kama watu wanachinja mbuzi, kichwa kinawekwa kando. Kisha mumoja anakipasua kwa shoka, naye anakuta ndani yake kitu cheupe, laini, kilichojikunjakunja kama utumbo. Watoto wanakigombania. Hakuna anayeuliza: Kitu hiki kilifanya kazi gani wakati mbuzi alipokuwa muzima?

Leo ninataka tuulize neno hilo, si kwa ajili ya mbuzi, lakini kwa ajili ya mutu. Kwani katika vijiji vyetu na katika miji yetu kuna watu wanaougua ubongo, na sisi tunawakimbia. Wengine wao wamekufa, wengine wameharibika uso na mikono, na ugonjwa wao peke yake haukuwafanya hivyo. Woga wetu ulisaidia. Ninasema juu ya watu wenye kifafa, ambao wengi wanakiita ugonjwa wa kuanguka. Mawazo yangu ni haya, nami nayasema wazi toka mwanzo: mutu anayeanguka anapaswa kusaidiwa kwa mikono, na yule anayekataa kumugusa kwa kuogopa povu anafanya kosa kubwa. Lakini sitaki uniamini bure. Kwanza tutazame ubongo wenyewe.

Ubongo wa mutu mukubwa una uzito wa gramu 1,300 au 1,400. Ukitia kilo moja ya chumvi katika mufuko, kisha ukiongeza konzi chache, umeshika uzito wake. Ni laini sana, unaharibika upesi. Kwa hiyo umewekwa ndani ya fuvu, ambalo ni kama sanduku la mifupa migumu. Chini ya fuvu kuna ngozi 3 zinazoufunika, na kati ya ngozi hizo kuna maji safi. Mama anayepeleka mayai sokoni anayapanga katika majani makavu, yasigongane na kikapu. Maji hayo yanafanya kazi ile ile ya majani. (Wakati mwingine vijidudu vinaingia katika ngozi hizo na maji hayo, ndio ugonjwa wa meninjiti: homa kali, kichwa kuuma sana, shingo kuwa ngumu kama muti. Ukiona hayo usingoje asubuhi. Mubebe mugonjwa usiku huohuo.)

Ubongo unakula sana. Kama mwili wote ungegawanywa sehemu 100, ubongo ungekuwa sehemu 2 tu. Lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za hewa nzuri, ile oksijeni, inayoingia kwa pumzi yetu. Nao hauna ghala ya kuweka akiba. Tumbo linaweza kukosa chakula siku nyingi, mutu akaishi. Ubongo ukikosa hewa dakika chache tu, unaanza kufa. Kumbuka neno hili, maana tutalirudia tutakaposema juu ya watoto wanaozaliwa kwa shida.

Sasa sehemu zake. Chini kabisa, mahali kichwa kinapokutana na shingo, kuna shina la ubongo. Ni dogo, unaweza kulilinganisha na kidole gumba, lakini linalinda pumzi na mwendo wa moyo. Wewe unalala usiku, unasahau kila kitu, nalo halilali. Nyuma yake, chini ya kisogo, kuna ubongo mudogo. Kazi yake ni kusawazisha mwili: mwanamuke anayebeba ndoo ya maji kichwani bila kumwaga anautumia vizuri kuliko sisi wengine. Pombe inauharibia kazi upesi. Ndiyo sababu mulevi anapanda njia yote, kushoto na kuume. Toka shina unashuka uti wa mugongo, kama kamba nene ndani ya mifupa ya mugongo, na toka kamba hiyo mishipa ya fahamu inakwenda hata ncha za vidole.

Katika inchi yetu tuna ugonjwa mumoja unaoonyesha neno hili vizuri sana. Ni konzo. Muganga Giovanni Trolli aliandika juu yake katika mwaka 1938, kutoka Kwango, na jina lenyewe ni la lugha ya Wayaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Watu waliokula muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha, na wasiokuwa na nyama wala samaki wa kutosha, ghafula wakaona miguu yao imekakamaa. Ukiipima miguu yenyewe haina kidonda, haikuvunjika. Sumu ya muhogo imeharibu njia ya kuleta amri toka ubongo. Akili ya mugonjwa inabaki nzima, naye anajua vizuri anataka kwenda wapi, lakini neno halifiki. Basi miguu ni watumishi tu.

Bwana wao ni ubongo mukubwa, ule unaojaza fuvu juu na mbele. Umegawanyika nusu mbili, kama karanga inavyogawanyika ukiimenya. Nao una desturi moja inayoshangaza watu: nusu ya kushoto inaamuru mukono na muguu wa kuume, na nusu ya kuume inaamuru upande wa kushoto. Kwa hiyo muzee aliyepooza mukono wa kuume na kupoteza maneno, tunajua damu imezibika au imepasuka upande wa kushoto wa ubongo wake.

Namna gani watu walijua hayo? Kwa kutazama wagonjwa. Katika mwaka 1861, kule Paris, muganga Paul Broca alipokea mugonjwa jina lake Leborgne, aliyekaa katika hospitali zaidi ya miaka 20 bila kuweza kusema neno ila "tan". Ukimuuliza jina, alijibu tan. Ukimuuliza habari, tan, tan. Lakini alisikia na kufahamu mengi aliyoambiwa. Alipokufa, Broca akautazama ubongo wake, akakuta mahali palipoharibika mbele, upande wa kushoto. Basi ikajulikana kwamba kutengeneza maneno kuna nyumba yake katika ubongo. Na angalia jambo hili ambalo mara nyingi halitajwi: Leborgne alikuwa na kifafa toka ujana wake.

Kazi nyingine pia zina mahali pao. Kuona kuko nyuma kabisa, kwenye kisogo. Ndiyo maana ukipigwa kisogoni unaona nyota muchana. Kusikia kuko kandokando, karibu na masikio, na hapo ndani zaidi kunashikwa kumbukumbu za mambo mapya. Kutembeza mwili kuko juu, katika ukanda unaotoka upande wa sikio moja hata upande wa lingine. Katika ukanda huo vidole na midomo vimepewa shamba kubwa, na mugongo wote kishamba kidogo tu, kwa sababu mutu hashoni nguo kwa mugongo. Na mbele, nyuma ya paji la uso, kuna mahali pa kuchagua na kujizuia.

Juu ya mahali hapo pa mbele kuna habari ya mutu wa Marekani, Phineas Gage. Katika mwaka 1848 alikuwa musimamizi wa watu waliopasua mawe kwa kutengeneza njia ya gari la moshi katika jimbo la Vermont. Baruti ikalipuka, na chuma chenye urefu zaidi ya metre moja na uzito wa kilo 6 kikaingia chini ya shavu lake la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Alisema, alitembea. Lakini rafiki zake walisema hakuwa Gage tena: mutu wa adabu amekuwa mutu wa matusi, asiyeshika shauri lake. Wengi wanaosimulia habari hii wanaishia hapo. Mimi ninataka uisikie yote. Katika mwaka 1860 Gage alianza kuanguka na kutetemeka, mara kwa mara, naye akafa kwa hayo. Kovu lililokaa katika ubongo wake miaka zaidi ya 11 ndilo lililomwangusha. Nani alimuloga? Nani alimutemea mate? Chuma.

Hapa tumefika penye kifafa, na sasa lazima nieleze namna ubongo unavyosema.

Ubongo umefanywa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Watafuta wa Brazil walizihesabu kwa namna mpya, na katika mwaka 2009 wakatangaza hesabu yao: karibu milioni 86,000 katika ubongo wa mutu mumoja. Kila chembe ina nyuzi, na kwa nyuzi hizo inapeleka habari kwa chembe nyingine kwa umeme mudogo sana na kwa dawa za mwili wenyewe. Umeme huo si mufano tu. Katika mwaka 1924 muganga Hans Berger, katika Ujerumani, aliweka nyuzi za chuma juu ya kichwa cha mutu, akaandika umeme wa ubongo wake kwenye karatasi, mustari unaopanda na kushuka. Hata leo mashine ya namna hiyo inatumiwa katika hospitali kubwa.

Sasa fikiri soko siku ya soko. Watu ni wengi, kila mumoja anasema na jirani yake. Mama wa sombe anasema na munuzi wake, muuza chumvi na wake, na kwa makelele hayo yote kazi inaendelea vizuri. Lakini ghafula, kwa dakika moja, watu wote wanapaza sauti neno moja tu, kwa pamoja, tena na tena. Hakuna anayeweza kununua wala kuuza. Kisha wanachoka, wananyamaza, na soko linaanza tena polepole. Kifafa ni hivyo. Chembe za ubongo, ambazo kila moja ilikuwa na maneno yake, zinapiga umeme wao kwa pamoja.

Kama makelele hayo yanaanza katika kona moja tu, ishara inaonekana mahali kona hiyo inapoamuru. Kidole gumba kinaanza kuruka peke yake, kisha mukono, kisha uso. Mwingine anaona mwanga usiokuwapo. Mutoto mwingine anatazama tu mbele, kimya, nukta chache, mwalimu anamupiga akifikiri ni mukaidi, kumbe hakusikia. Lakini yakienea ubongo wote, basi mutu anaanguka. Na ukijua ubongo, kila jambo unaloliogopa lina maana yake. Anaanguka na kukauka kama muti kwa sababu amri zote za viungo zimetolewa pamoja. Analia kwa sauti ya kutisha kwa sababu kifua kimebana na pumzi inasukumwa nje ya koo. Si sauti ya mutu mwingine ndani yake. Mwili unaruka-ruka. Mukojo unaweza kutoka. Kisha analala usingizi muzito, kwani ubongo umechoka, na akiamka hakumbuki kitu, naye anaona haya.

Na povu? Povu ni mate. Mutu hamezi mate wakati ule, na pumzi inapita katikati yake kwa nguvu, basi yanatoka kama sabuni. Likiwa na damu, ni damu ya ulimi uliojiuma. Hakuna kitu kingine ndani yake. Mimi ninaandika haya na mikono yangu imelowa povu hilo mara nisizoweza kuhesabu, na vilevile mikono ya waganga na wauguzi wa kila hospitali. Kama povu lingeambukiza, sisi tungekuwa wa kwanza kuanguka.

Wazee wawili watatu wamenijibu: "Unasema hivyo, lakini nyumbani kwa jirani yetu alianguka mukubwa, na baada ya miaka miwili akaanguka mudogo wake. Si alimugusa?" Ni swali zuri, silicheki. Lakini watoto hawa wawili walikula chungu kimoja, waliumwa na inzi wa muto mumoja, walilala bila chandarua pamoja. Na pengine wamerithi ubongo wa namna moja, kama wanavyorithi pua. Walichoshirikiana ni maisha, si povu. Tazama sababu za kifafa katika inchi yetu na utaona.

Ya kwanza ni kuzaa kwa shida. Mama anaumwa siku mbili nyumbani, mutoto anazaliwa bila kulia, hewa imekosa kufika katika ubongo. Anaishi, lakini kovu limebaki. Ya pili ni malaria inayopanda kichwani: mutoto ana homa, anapoteza fahamu, tunamuponya, na baadaye wengine kati yao wanaanza kuanguka. Meninjiti inafanya vivyo hivyo, na mapigo ya kichwa, hasa siku hizi za pikipiki bila kofia ya chuma.

Ya munyoo wa nguruwe ninataka kuieleza zaidi, kwani watu wanaichanganya. Mutu anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vipele vyeupe kama punje za muchele, anapata munyoo murefu tumboni. Munyoo huo unataga mayai, nayo yanatoka kwa choo chake. Sasa yule anayemeza mayai hayo, kwa maji machafu, kwa mboga isiyooshwa, kwa mikono ya mupishi asiyenawa, huyo ndiye anayepata vipele katika mwili wake mwenyewe, hata ndani ya ubongo. Kwa hiyo mutu asiyekula nguruwe hata siku moja anaweza kupata kifafa kwa sababu ya choo cha jirani. Kuchimba choo, kufunga nguruwe wasizunguke, kupika nyama hata ikauke damu: hiyo ni dawa ya ubongo, ingawa haionekani hivyo.

Na kuna inzi mudogo mweusi anayeuma kando ya mito yenye maji ya mbio. Anapanda katika ngozi munyoo wa onkoserkosi, ule unaoleta upele wa kuwasha na upofu. Waganga waliozunguka katika vijiji vya Ituri na Uele ya Chini walikuta kifafa kingi sana mahali ambapo ugonjwa huo ulikuwa mwingi, hasa kwa watoto na vijana. Namna munyoo unavyousumbua ubongo bado inachunguzwa, lakini hawakungoja mwisho wa uchunguzi kwa kusema: mugawaji wa dawa ya ivermektini akipita katika kijiji chako, usijifiche shambani. Mwambie tu kama umekwisha kuumwa na loa, ule munyoo unaopita juu ya jicho, kwani mutu mwenye wadudu hao wengi anaweza kupata hatari kubwa kwa dawa hiyo, naye anapaswa kupimwa mbele ya kumeza.

Sasa uniambie, katika sababu hizo zote, ni ipi inayopitia povu?

Wala usifikiri kwamba woga huu ni wa Waafrika tu, na kwamba wengine walizaliwa wakijua. Katika Ugiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, waganga wa Hippocrates waliandika kwamba ugonjwa huu si mutakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba unatoka katika ubongo. Walisema kweli, na watu wa Ulaya wakaendelea kuogopa miaka elfu mbili. Katika Uingereza sheria ya kuzuia ndoa za wenye kifafa iliondolewa katika mwaka 1970 tu. Basi hatuna haya ya kuchelewa; tuna haya kama tunajua na tunaendelea.

Nitakuambia sababu inayonifanya niseme kwa ukali. Nilipokuwa katika shule ya msingi, tulikuwa na mwenzetu aliyeanguka mara kwa mara. Alikula kwa sahani yake peke yake, alikaa kwenye benchi la nyuma peke yake. Siku moja ya baridi tulikaa kuzunguka moto, tukichoma mahindi. Akaanguka, na mukono wake wa kuume ukaingia katika makaa. Tulikuwa 7 au 8. Tulisimama, tukarudi nyuma. Tuliona povu, na kila mumoja alingoja mwingine. Mimi nilikuwa wa karibu kuliko wote. Mwanamuke mumoja aliyetoka muferejini na ndoo yake ndiye aliyetupa ndoo chini na kumwondoa. Ule muda haukupita dakika mbili, nafikiri. Ilitosha. Na tangu nimeanza kazi ya kufunga vidonda nimekutana na mukono ule mara nyingi, kwa watu wengine: mutoto aliyeanguka kwenye jiko, mama aliyeanguka na sufuria ya mafuta ya mawese. Ngozi imeungua hata mufupa, na ukiuliza nani alikuwapo, utasikia: Tulikuwa wengi.

Kwa hiyo haya ndiyo unayopaswa kufanya. Mwondoe penye moto, maji na barabara. Tia nguo iliyokunjwa chini ya kichwa chake. Legeza nguo shingoni. Kutetemeka kukipungua, mulaze kwa ubavu, mate yatoke inje na yasimuzibe. Ukae naye hata aamke, umufunike kama nguo zimelowa, uwafukuze watoto wanaocheka. Zaidi ya hayo usifanye. Watu wazuri wanaleta kijiko kukitia katikati ya meno. Wanavunja meno, na mutu hawezi kumeza ulimi wake hata kidogo, umefungwa chini. Usimushike kwa nguvu kuzuia mutetemo. Usimumwagie maji, usimunusishe kitunguu, usimutie dawa mudomoni. Lakini kama kutetemeka kunazidi dakika 5, au kunarudi mbele ya kuamka, au ni mutoto mwenye homa, au mama mwenye mimba, hapo usihesabu tena, mupeleke hospitali.

Na kama anguko limekwisha, kazi haikwisha. Kuna dawa. Katika mwaka 1912 muganga Alfred Hauptmann, katika Ujerumani, aliona kwamba fenobarbitali inapunguza maanguko, na dawa hiyo bado inatumiwa leo, tena ni ya bei ndogo kuliko karibu zote. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba hata watu 7 katika 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa na kuitumia vizuri. Nasema tena: kuitumia vizuri. Hapa wagonjwa wengi wananihuzunisha. Wanameza miezi mitatu, hawaanguki, wanasema, Nimepona, wanaacha siku moja. Kisha wanaanguka mara nyingi mufululizo, na wengine hawaamki. Dawa hii haiachwi ghafula. Inamezwa kila siku, saa moja ile ile, miaka, na muganga ndiye anayeipunguza polepole. Mwanzoni inaleta usingizi. Kwa mutoto inaweza kuleta ukaidi. Rudi ukaseme, usiitupe. Na binti anayetaka kuzaa aseme mapema, kwani dawa nyingine za kifafa zinaweza kudhuru mutoto tumboni.

Najua wengi wanakwenda kwanza kwa mufumu, na wengine kwa wale wanaofukuza pepo. Sitagombana na mutu juu ya maombi. Omba, na familia yote iombe. Lakini yeye anayekuambia utupe vidonge ili uonyeshe imani, mwambie akae nawe usiku kucha wiki ile, kando ya mukeka wako, na aone kitakachotokea. Na yule mufumu aliyepokea mbuzi wawili na kumuchanja mutoto usoni, mutoto akaanguka tena juma lililofuata, je, amerudisha mbuzi?

Walimu, ninyi pia. Mutoto wa kifafa asifukuzwe shuleni. Wengi wana akili kama wenzao. Umeme uliochafuka dakika tatu haukufuta saa zote nyingine za siku. Mumuweke kwenye benchi la mbele pamoja na wengine, mufundishe darasa zima namna ya kumulaza kwa ubavu. Nanyi wazazi, inueni jiko lenu kwa udongo lifike kiunoni, au mulizungushie ukuta mudogo. Asiende muferejini peke yake, asipande miti. Zaidi ya hapo mumwache aishi, alime, aoe.

Mwenzetu yule wa shule yuko. Alianza dawa akiwa mutu muzima, baada ya miaka mingi ya kupoteza, naye hajaanguka tangu mvua za mwaka wa juzi. Anauza sabuni na chumvi karibu na soko. Kila mwezi anakuja kuchukua vidonge vyake, na kama mimi ndiye ninayegawa, ananipa mukono wa kushoto, kwani vidole vya kuume vilishikana na kuwa kama ngumi. Hajaniuliza hata mara moja juu ya siku ile ya mahindi.